Usivute Kabla Hujafungua

Nyuma ya kitako cha bunduki ya Lee-Enfield, ile ya zama za Vita Kuu ya Kwanza, kuna bamba la shaba lenye mlango mdogo unaofunguka kwa kidole gumba. Ndani yake mna shimo refu, na humo ndimo askari alimoweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Mulika tochi hadi mwisho wa shimo hilo. Chuma hukioni. Unachoona ni kitu cheusi, kikavu, kilichojibana pande zote: kizibo cha ngozi. Kilitiwa humo ili kichupa cha mafuta kisigongane na chuma. Nyuma ya kizibo ndipo kilipo kichwa cha boliti ndefu inayokifunga kitako kwenye mwili wa bunduki.

Wapenzi wa silaha za kale huko Uingereza, Kanada na Marekani wanakifahamu vizuri kinachofuata. Mtu anaking'oa kizibo, anaingiza bisibisi ndefu, anakaza mkono na kuzungusha. Boliti inagoma. Anaongeza spana kwenye shina la bisibisi apate nguvu zaidi. Boliti inakubali, robo mzunguko, halafu panasikika mlio mkavu. Kitako kiko vilevile. Kilichopasuka ni mti wa mbele, ule unaoubeba mtutu, ambao hata hakuwa ameugusa.

Sababu ni ndogo na iko gizani. Katika bunduki hizo, zinazojulikana kama SMLE Mark III, ncha ya boliti ndefu imechongwa pande nne. Boliti ikishakazwa, ncha hiyo hutokeza upande wa pili wa kikombe cha chuma kinachopokea kitako, ikaingia kwenye mwanya wa kijibamba kilichopachikwa nyuma ya mti wa mbele. Kazi ya kijibamba ni kuishika ncha ili boliti isilegee kwa mtikisiko wa risasi. Waliounda bunduki hii walitaka boliti isizunguke, na walifaulu. Ukija wewe miaka mia moja baadaye na kuilazimisha izunguke ingali imeshikwa, kitu pekee kinachoweza kusalimu amri hapo ni mbao. Kwa hiyo mti wa mbele hutangulia kutoka; kitako, kinachoonekana kuwa chepesi zaidi, hufuata.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu linaeleza karibu yote yanayohusu bunduki za kale zinazosemwa zimegoma kuachia mbao zake. Baadhi zimegoma kweli, na nitazifikia. Lakini nyingi hazijagoma hata kidogo. Mfunguaji ameruka hatua.

Lee-Enfield ina majina mawili ndani yake. James Paris Lee alizaliwa Hawick, Uskoti, mwaka 1831, akakulia Kanada, na ndiye aliyebuni komeo na magazini ya bunduki hii. Enfield ni kiwanda cha silaha cha serikali kilichokuwa kaskazini mwa London. Bunduki ya kwanza yenye majina hayo mawili ilitoka mwaka 1895, na Mark III, ambayo ndiyo maarufu zaidi, ikafuata mwaka 1907. Inabeba risasi 10, za kipenyo cha inchi .303. Ilitengenezwa Enfield na Birmingham, Lithgow huko Australia, na Ishapore karibu na Calcutta. Toleo la Vita Kuu ya Pili, No. 4, lilitengenezwa pia Long Branch nchini Kanada na kwenye kiwanda cha Savage huko Massachusetts. Jeshi la Uingereza lilianza kuiacha mwaka 1957. Polisi wa India hawakuwa na haraka hiyo: magaidi walipoivamia stesheni kuu ya reli ya Mumbai mwaka 2008, baadhi ya polisi waliokuwa zamu walikabiliana nao wakiwa na bunduki hizihizi.

Kwetu pia imepita, tena zaidi ya mara moja. Vikosi kutoka India vilivyoshuka Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 vilikuja nayo. Askari wengi wa Wajerumani waliowapokea walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi na kutoa wingu la moshi linalomfichua mpigaji kila anapofyatua. Mapigano yalipokwisha na Waingereza kurudi melini, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliokota ufukweni bombomu 16, risasi za mamia ya maelfu na bunduki za kisasa za kutosha kubadilishia silaha vikosi kadhaa. Ndivyo Lee-Enfield ilivyoishia mikononi mwa askari wa pande zote mbili. Baadaye King's African Rifles walikwenda nayo Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita bonde la Kabaw katika msimu wa mvua za monsuni, kwenye matope yaliyokuwa yakimeza magari, na kufika mto Chindwin mwezi Desemba. Nchini Kenya ilibaki kwa miongo mingi mikononi mwa askari wa akiba wa vijijini, hasa maeneo ya wafugaji kaskazini, na magazeti ya huko huiandika kwa jina la Mark 4.

Nazungumzia mvua na matope kwa makusudi. Bunduki ya vita ni chuma na mbao zilizofungwa pamoja kwa nguvu, na vitu hivi viwili havina tabia moja. Chuma hakijali mvua ila kwa kutu. Mbao hunywa unyevu ikavimba, kisha ikakauka na kusinyaa, na hufanya hivyo zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Waingereza walipendelea mti wa mjozi kwa sababu hutulia vizuri ukishakauka, lakini hata huo una mipaka yake.

Mwanajeshi alifundishwa kuupaka mti wa bunduki yake mafuta mabichi ya kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kupukutika hewani kama spiriti. Huungana na hewa polepole yakageuka utando mgumu. Yakipenya kwenye mfereji ambamo mtutu umelala, baada ya miaka hamsini huwa ni gundi. Juu yake weka grisi nzito ya kahawia iliyopakwa bunduki ilipoingizwa ghalani, ambayo nayo imeganda. Kisha kutu. Fataki za risasi za wakati ule zilikuwa na klorati ya potasiamu, na inapoungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huita unyevu, unyevu huita kutu. Dawa ya jeshi ilikuwa kumimina maji ya moto kupitia mtutu, njia nzuri sana, isipokuwa kwamba askari mchovu humwaga nusu yake nje, na maji yaliyomwagika hujipenyeza kati ya chuma na mbao yakakaa huko. Mjozi una tanini, ile dawa iliyomo pia kwenye magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka Rufiji na Lamu kwenda kwa watengenezaji ngozi. Tanini ikikutana na chuma chenye maji huacha doa jeusi lenye kuelekea buluu. Ukiona doa hilo pembezoni mwa parafujo, jua kwamba huko ndani kuna kutu, na usitarajie parafujo hiyo itoke kwa mkono mmoja.

Kitako kina sababu yake ya ziada. Sehemu yake ya mbele imechongwa ikapungua unene kuelekea ncha, ikaingia ndani ya kikombe cha chuma. Mkulima anaijua kanuni hii kwenye mpini wa jembe: kadiri unavyolima ndivyo mpini unavyozidi kujikaza. Risasi inapotoka, mwili wa chuma hurudi nyuma na kukisukuma kitako kilichoegemezwa begani. Kila teke la bunduki ni pigo jingine la nyundo kwenye kiungo hicho. Bunduki iliyopigwa risasi elfu kumi imegongewa kitako mara elfu kumi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Waingereza walikata mbao vipande viwili wakati Mauser ya Mjerumani ina mti mmoja tangu begani hadi karibu na mdomo wa mtutu. Jibu moja ni upatikanaji wa mbao: kipande kifupi kisicho na fundo ni rahisi kukipata kuliko kirefu. Jibu jingine linanifurahisha zaidi. Vitako vya Lee-Enfield vilitengenezwa kwa urefu tofauti, kukawa na kifupi kilichopigwa muhuri wa S, kirefu chenye L, na cha kawaida. Fundi silaha wa kikosi alikuwa na uwezo wa kumbadilishia askari mwenye mikono mirefu kitako kinachomfaa. Kwa hiyo boliti ile ndefu iliwekwa ili ifunguliwe, lakini na fundi aliyefunzwa, mwenye bisibisi ya kazi hiyo hasa. Askari wa kawaida alikatazwa kabisa kutenganisha mbao na chuma. Alitoa komeo, akasafisha mtutu, basi. Ndiyo maana bunduki nyingi zilizofika kwenye mnada au kwenye stoo ya makumbusho hazijawahi kufunguliwa tangu fundi wa mwisho alipozifunga.

Tuchukue basi Mark III iliyo mezani, kwenye mikono inayoruhusiwa na sheria kuishika. Kwanza ondoa magazini, vuta komeo, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Hatua hii hairukwi hata kama bunduki ina miaka mia na imetundikwa ukutani tangu enzi za babu. Kisha acha nyundo mahali ilipo na utafute bisibisi zinazofaa. Bisibisi ya dukani imenolewa kama kabari, nyembamba nchani na nene juu. Ukiisukuma kwenye mfereji wa parafujo inakaa juu juu, na ukiikaza inapanda na kuuparua mfereji wote. Mafundi silaha hutumia tupa kuichonga ncha pande zake ziende sambamba, ijae kwenye mfereji kuanzia chini hadi juu na ukingo hadi ukingo. Kazi ya dakika kumi kwenye jiriwa, na inaokoa parafujo ambazo hazitengenezwi tena.

Parafujo iliyoshikwa na kutu haihitaji nguvu kwanza, inahitaji joto. Ncha ya chuma cha kulehemu redio ikiegemezwa kwenye kichwa chake kwa dakika kadhaa huitanua. Ikipoa husinyaa, na mshiko wa kutu hukatika. Joto hilohilo huyeyusha grisi iliyoganda. Tone moja la mafuta ya kupenyeza linafaa, na nasisitiza moja, kwa sababu nimeona ushauri wa kumwaga nusu ya kopo la WD-40 na kuacha usiku kucha. Mafuta hayajui tofauti ya kutu na mbao. Yataingia kwenye nyuzi za mjozi, yaufanye mti uwe mweusi na laini hapo hapo panapotakiwa pawe pagumu kuliko pote. Mafuta ya taa kwenye pamba ya kijiti, yakipakwa kwenye mstari ambapo grisi imeganda, yanafanya kazi polepole zaidi na hayadhuru sana.

Kwenye mdomo wa bunduki kuna kofia ya chuma inayobeba singe. Toa parafujo zake, isukume mbele taratibu, na uwe tayari kudaka kijiti kidogo cha chuma chenye springi kinachokaa chini ya mtutu, maana huruka na kupotelea uvunguni. Fuata pete ya nje iliyo katikati, yenye bawaba. Fungua parafujo ya kinga ya kifyatulio iliyo nyuma, halafu parafujo kuu iliyo mbele ya magazini. Vifuniko vya mbao vilivyo juu ya mtutu vinanyanyuka. Sasa, kwa jinsi inavyoonekana, hakuna kinachoushika mti wa mbele. Unauvuta. Nyuma unaachia kidogo, mbele unacheza, katikati umeng'ang'ana.

Hapa ndipo watu huanza kulaumu grisi. Wanapasha joto, wanagonga, wanamwita jirani aje ashike upande wa pili. Kumbe pale ilipokuwa pete ya nje, chini kabisa ya mti, ndani ya tundu lililojaa uchafu wa miaka, kuna parafujo ndogo moja. Ina washa na springi yake. Inapanda kupitia mti na kushika pete ya pili, ya ndani, inayouzunguka mtutu. Springi huuvuta mtutu chini kwa upole ili usitetemeke hovyo. Pete ya nje ikiwa mahali pake, parafujo hii haionekani. Ikiondolewa, tundu linaonekana kama kasoro tu ya mbao. Kijiti cha kibiriti na sindano vinatosha kuusafisha mfereji wake. Zungusha mara chache, na mti uliopigiwa nyundo mchana kutwa unashuka wenyewe mkononi. Sijui parafujo nyingine iliyowatia watu hasira kiasi hiki.

Unaposhuka, uvutwe sawasawa, mikono miwili, karibu na mahali pa kifyatulio, huku nyundo ya mpira au ya mbao ikigonga kidogo kidogo pande zote. Kuushika mdomoni na kuuvuta chini kama mtu anayefungua mdomo wa mamba ni kuharibu. Nyuma ya mti wa mbele, ndani, kuna mabega mawili ya mbao yaliyochongwa kwa usahihi mkubwa ili yaegemee chuma. Mabega hayo ndiyo yanayopokea teke la bunduki. Yakikatika kona hata kwa unene wa kucha, bunduki haitapiga tena pale inapolengwa, na kuyarekebisha ni kazi ya kutia viraka vya mbao kwa gundi na subira. Viwanda vyenyewe vilijua udhaifu huo. Lithgow walipoanza kutumia miti ya Australia iliyo laini kuliko mjozi, waliweka vibamba vya shaba nyekundu kwenye mabega. Ishapore walipitisha parafujo ya kukingama upande hadi upande, nyuma ya mti wa mbele, ili usipasuke. Ukiona kichwa cha parafujo hiyo ubavuni, umejua bunduki ilipita India, na umejua pia kwamba kupasuka hakukuanza na wewe.

Mti ukishatoka, ncha ile ya pande nne inabaki wazi. Sasa boliti ndefu inaweza kuzungushwa. Kitako chenyewe kikigoma baada ya hapo, huko ndiko kugoma kwa kweli. Mbao iko ndani ya chuma, kwa hiyo ukavu ni rafiki yako: mbao ikisinyaa inajiachilia. Chumba kikavu, chenye hewa, wiki mbili tatu, kinafanya kazi ambayo nyundo haiwezi. Usifanye haraka kwa kuianika bunduki kwenye jua la saa saba mchana ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, kama wafanyavyo wenzetu wa nchi za baridi kutoa grisi. Jua lao na letu si moja. Mbao inayokauka nje kabla ya ndani hupasuka.

Ikishindikana, kuna mbinu ya zamani. Usiitoe boliti yote. Ilegeze mizunguko kadhaa, ibaki imeng'ata hesi za kutosha, kichwa chake kiwe kimerudi nyuma kutoka kwenye kikalio chake ndani ya kitako. Weka ufito wa chuma ndani ya shimo hadi uguse kichwa, kisha gonga ufito huo. Pigo halipiti kwenye mbao; linapita kwenye boliti na kuusukuma mwili wa bunduki mbele, utoke kwenye kitako. Mapigo mafupi, na katikati yake ugeuze kitako kushoto na kulia kwa mikono. Hesi zilizobaki zikiwa chache mno zitaparuka, na hapo utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Kwenye No. 4 kazi ni rahisi zaidi, kwani boliti yake haishikwi na mti wa mbele. Kitako kinaweza kutangulia. Mwongozo wa toleo moja haufai kufuatwa kwa toleo jingine, na ndiyo maana swali la kwanza ni hii ni Mark gani, kabla ya swali la bisibisi iko wapi.

Wahandisi wa Uingereza wenyewe walishindwa na mbao mwishoni. Katika matoleo ya awali kifyatulio kilining'inia kwenye kinga yake, na kinga imefungwa kwenye mti. Mti ukivimba au kusinyaa, uzito wa kufyatua ulibadilika: bunduki iliyorekebishwa kiangazi iligeuka nyingine masika. Mwaka 1949 wakaleta No. 4 Mark 2, ambayo kifyatulio chake kimefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa chuma. Kwa jeshi lililokuwa na bunduki hii tangu karne iliyotangulia, walichelewa.

Mauser nitaipita haraka. Mti wake ni mmoja, na parafujo kuu ni mbili, chini ya mwili wa bunduki. Pembeni mwa kila moja kuna parafujo ndogo ya kuizuia isizunguke. Anayeisahau huvunja kichwa cha kubwa. Zikitoka, kinachong'ang'ana kwa kawaida ni jino la chuma linalopokea teke, lililozama kwenye mbao na grisi. Joto kidogo, kugonga kwa mpira, na mwili unanyanyuka juu wima.

Swali linalobaki ni la faida. Kwa nini mtu ajisumbue? Kwa mtunza makumbusho jibu liko upande wa ndani wa mti. Namba ya bunduki imepigwa kwenye mwili na kwenye mtutu, na tena kwenye mbao yenyewe, karibu na ncha. Zikilingana, vipande hivi vimezeeka pamoja. Zisipolingana, fundi fulani alikusanya mabaki ya bunduki mbili tatu akatengeneza moja, jambo la kawaida sana vitani. Ndani ya mfereji kuna mihuri ya wakaguzi wa kiwanda na alama za mafundi waliotia viraka. Kwenye ubavu wa kitako cha bunduki za kabla ya 1916 kuna kisahani cha shaba cha mviringo, kilichopigwa alama ya kikosi; vita vilipopamba moto kiliachwa ili kuokoa muda kiwandani, na tundu lake nalo likaachwa. Kumbukumbu zote hizo hufa kwa msasa wa dakika tano. Anayesugua mti wa bunduki ya 1914 mpaka ung'ae kama meza ya sebuleni amefuta hati iliyoandikwa kwenye mbao, na bei nayo imeanguka, kama ni bei anayoifuata.

Kwa sababu hiyohiyo naona bunduki nyingi za kale zisifunguliwe kabisa. Sababu za kufungua ni tatu kwa hesabu yangu: kutu iliyo hai, wadudu watoboao mbao, au ufa unaoendelea. Bunduki kavu, isiyo na kutu mpya, inayokaa kwenye kabati lenye hewa, haipati faida yoyote kwa kuvuliwa mbao zake, na kila inapofunguliwa mabega yale mawili hulika kidogo. Pale inapobidi, mhitajiwa wa kwanza ni seremala anayejua nyuzi za mbao, pamoja na mtu anayejua toleo la bunduki; fundi wa magari mwenye spana ya futi mbili aje kutazama tu.

Na kwa msomaji ambaye amerithi nyumba ya mzee, akakuta darini bunduki ndefu yenye bamba la shaba nyuma ya kitako: usitafute bisibisi. Usivute komeo kutazama kama kuna risasi, wala usiibebe barabarani kwenda kumwonyesha mtu. Kumiliki bunduki bila kibali ni kosa Tanzania na Kenya pia, hata kama imeshika kutu. Iache ilipo, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, na mwombe ofisa aandike kwamba kifaa hicho ni cha kale ili makumbusho ya taifa yaulizwe kabla hakijateketezwa.